Dau la Gizani: Acheni Kutuuzia Mnada wa Kabini za Meli Kama Ujanja

Leo nina ugomvi na watu wa aina tatu: kampuni za meli za kitalii, mawakala wanaouza safari zao, na sisi wenyewe watu wa kontenti. Ugomvi ni juu ya hii maneno ya kutaja dau ili upandishwe daraja melini. Kama huwa unaskroli usiku, lazima umeiona. Mtu amesimama kwenye balkoni, bahari iko nyuma yake, na maandishi juu ya kichwa yanasema alilipia chumba kisicho na dirisha akalala kama waziri. Aliwezaje? Alitaja dau. Na wewe pia unaweza.

Msimamo wangu nauweka mapema, usije ukasema nilikuzungusha. Huo si ujanja. Ni mnada wa gizani. Muuzaji anaona kila kitu, wewe huoni chochote, halafu unaambiwa ushukuru kwa sababu umepewa nafasi ya kujipangia bei.

Najua swali linalokuja. "Buda, uko Lodwar, jua linakuchoma utosi, boti unazozijua ni zile za samaki kule Kalokol. Meli ya anasa inakuhusu nini?" Ni swali la haki, na nina majibu matatu.

La kwanza, hizo meli zinakuja kwetu. Mwanzoni mwa 2024 meli ya Norwegian Dawn, inayobeba wageni zaidi ya elfu mbili, ilitia nanga Mombasa. Kampuni yake, Norwegian Cruise Line, ina mpango wa madau unaoitwa Upgrade Advantage. Royal Caribbean wana wao, RoyalUp. Celebrity wanauita MoveUp. Nyuma ya pazia mipango mingi ya aina hii, ya meli na ya ndege, inaendeshwa na kampuni moja ya Montreal, Kanada, inayoitwa Plusgrade. Kwa hiyo hatuongelei hadithi za Marekani za mbali. Watalii wanaopigwa picha Fort Jesus na kununua shanga Mombasa, baadhi yao wametaja dau ili walale walipolala.

La pili, wanatutafuta sisi. Si kama abiria tu, bali kama midomo. Wiki chache zilizopita wakala mmoja wa safari aliniandikia. Anauza safari za meli zinazoondoka Dubai na Durban, na anataka vijana wa Kenya waanze kununua polepole kwa awamu. Aliniahidi shilingi 15,000 nitengeneze video ya dakika moja. Maneno alikuwa ameyaandika tayari: "Siri ambayo kampuni za meli hazitaki ujue." Manze, siri gani hiyo inayotumwa na kampuni yenyewe kwa barua pepe, ikiwa na picha na kitufe cha kubonyeza? Nilimuuliza swali moja: nikiambia watu wataje dau, nitawaambia dau gani ndilo la haki? Akajibu, "Hilo huwezi kujua, hapo ndipo utamu ulipo." Elfu 15 ni kodi yangu ya nyumba na bando za mwezi. Nilikataa. Wengine watazichukua, na siwezi kuwalaani maana najua njaa ya kazi hii. Lakini ninyi mnaoangalia mna haki ya kujua video inatoka wapi.

La tatu ndilo zito. Mashine ya kutoza watu ikishajaribiwa kwa wenye nazo, haibaki huko juu, hushuka. Madau ya kupandishwa daraja yalizoeleka kwenye ndege kwanza, Etihad na wenzao, ndiyo yakahamia melini. Bei inayopanda mvua ikinyesha ilikuwa ya ndege na mahoteli, leo iko kwenye teksi ya simu pale Nairobi. Kwa hiyo nikiongea kuhusu kabini, naongea kuhusu kiti chako cha basi la Kitale cha miaka kumi ijayo.

Sasa tuone mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana watu wanaisifu bila kuifungua boneti.

Unanunua safari. Tuseme umechukua kabini ya ndani, ile isiyo na dirisha, ya bei ya chini. Umelipa, umemaliza. Wiki kadhaa kabla ya kuondoka unapata ujumbe: unaweza kuomba kupandishwa hadi kabini ya dirisha, ya balkoni, au chumba kikubwa cha kifahari. Unaingia kwenye ukurasa. Kila daraja lina dau la chini kabisa, na kuna kidude unachosukuma kwa kidole kuongeza pesa. Kando yake kuna kipimo kama kile cha mafuta kwenye gari. Ukiweka kidogo kinasema dau lako ni dhaifu. Ukiongeza kinapanda, kinakuwa kizuri. Ukiongeza tena kinang'aa, unahisi umeshinda tayari. Unaweka namba za kadi. Unasubiri. Jibu linaweza kuja baada ya siku, au siku mbili tatu kabla ya safari. Wakikubali, kadi inakatwa papo hapo na hakuna kurudishiwa.

Angalia sasa vitu ambavyo hukuambiwa.

Hukuambiwa kabini tupu ni ngapi. Hukuambiwa watu wangapi wametaja dau. Hukuambiwa safari iliyopita dau gani lilikubaliwa. Hukuambiwa hicho kipimo kinapima nini. Ni nguvu ya dau lako kulinganisha na nani? Kipimo kimetengenezwa na muuzaji, kiko kwenye ukurasa wa muuzaji, na kila kikipanda ni muuzaji anayepata zaidi. Mtu akikupimia nyama kwa mizani ambayo huoni namba zake, anakuambia tu "ongeza kidogo, bado ni dhaifu," utampa pesa?

Halafu kuna ile ya kuzidisha. Dau unaloliona kwenye skrini kwa kawaida ni la mtu mmoja, lakini kabini huhesabiwa ya watu wawili. Ukisukuma kidude hadi dola 200, kadi inakatwa dola 400. Kwa dola ya shilingi 129 hivi, uliona kama elfu 26, ikatoka kama elfu 52. Na ukisafiri peke yako, mara nyingi unalipia pia yule wa pili ambaye hayupo. Imeandikwa, ndiyo, kwa maandishi ya chini ambayo hakuna video ya dakika moja inayoyasoma.

Na kuna hii: unataja dau la daraja, si la chumba. Huchagui mahali. Ulikuwa umechagua kabini ya katikati ya meli, chini, mahali ambapo mawimbi hayakusumbui. Ukipandishwa wanakuweka wanapotaka ndani ya daraja hilo. Inaweza kuwa mbele kabisa meli inapopiga mawimbi, au chini ya ukumbi wa mziki. Umelipa zaidi, na umeuza haki ya kuchagua.

Wasee, mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini sikuacha kusoma. Hii habari ya minada ina wataalamu wake. Mmoja anaitwa William Vickrey. Mwaka 1961 aliandika makala kuhusu minada ya kufungwa, ile ambayo kila mtu anaandika bei yake kwa siri. Kazi hiyo ilichangia kumpa Nobel ya uchumi mwaka 1996, na alifariki siku tatu tu baada ya kutangazwa. Nitaieleza hoja yake kwa mbuzi, kwa sababu sisi ni watu wa mbuzi.

Tuko soko la mifugo Kakuma. Kuna dume moja zuri na wanunuzi watatu. Wa kwanza moyoni mwake anaweza kufika 9,000. Wa pili 7,000. Wa tatu 6,000. Wakishindana hadharani, bei inapanda, wa tatu anatoka, wa pili anatoka ikifika 7,000, na wa kwanza anaondoka na dume kwa kitu kama 7,100. Alikuwa tayari kulipa 9,000, hajalipa. Hiyo tofauti ya karibu 2,000 imebaki mfukoni mwake kwa sababu aliwaona wenzake wakiacha.

Sasa wafungie wote watatu kwenye vyumba tofauti, kila mmoja aandike bei kwenye karatasi, na mshindi alipe alichoandika. Yule wa kwanza hajui wenzake wanaweza kiasi gani. Ana hofu ya kumkosa dume. Ataandika 8,500. Atashinda, atafurahi, atapiga picha na mbuzi wake. Hatajua kamwe kwamba 7,100 ingetosha. Hiyo 1,400 haikuongeza hata unyoya mmoja kwa mbuzi. Imelipia giza.

Vickrey alionyesha kuna dawa. Acha watu waandike kwa siri, lakini mshindi alipe bei ya aliyemfuata, si yake. Hapo huna sababu ya kuogopa wala kudanganya, unaandika ukweli wa moyo wako na hauadhibiwi kwa ukweli huo. Dawa hii imejulikana zaidi ya miaka 60. Kwa hiyo kampuni ya meli inapokutoza dau lako lote jinsi lilivyo, si kwamba hakuna njia nyingine. Imechagua njia inayoipa zaidi.

Na melini mambo ni mabaya kuliko kwa mbuzi, kwa sababu kule sokoni mbuzi ni mmoja. Tuseme meli ina kabini kumi tupu za balkoni, na waliotaja dau ni sita. Wote sita wangetosha, hata kwa dau la chini kabisa! Hakuna mashindano hapo. Lakini kila mmoja amekaa peke yake na simu, kipimo kinamwambia yeye ni dhaifu, anasukuma. Mmoja atalipa 60, jirani yake 210, ukuta mmoja unawatenganisha, bahari ni ile ile. Yule wa 210 alikuwa anashindana na nani? Na hofu yake mwenyewe.

Kuna watu watasema hata mbuzi hauzwi kwa uwazi, madalali ni waongo wa kutupwa. Kweli. Nimelelewa katikati yao. Lakini dalali akikudanganya unatoka, unauliza mtu wa pili, unauliza mzee aliyeuza jana, unarudi. Bei ya jana iko midomoni mwa watu. Hata ukiwa kwenye Probox ya Lodwar kwenda Kakuma na unataka kiti cha mbele usibanwe, dereva anataja bei na abiria wote wanasikia. Akikuzidishia, mama aliye nyuma atamkemea kabla yako. Huo ndio ulinzi wa mtu wa kawaida: masikio ya wengine. Mnada wa kwenye simu umeyaondoa hayo masikio.

Hapa ndipo mnapaswa kunisikiliza vizuri, maana ndipo hasira yangu ilipo. Bei iliyoandikwa ukutani inaweza kuwa mbaya, lakini inatukasirisha pamoja. Kumbukeni treni ya SGR. Kuanzia Januari 2024 tiketi ya Nairobi hadi Mombasa ilitoka shilingi 1,000 hadi 1,500 daraja la kawaida, na 3,000 hadi 4,500 daraja la kwanza. Nchi nzima ililalamika. Tulilalamika kwa sababu tuliiona namba, ilikuwa moja, na ilikuwa ya wote. Sasa fikiria kama kila abiria angetumiwa ujumbe wake: taja unachoweza. Mmoja 1,200, mwingine 2,300. Ungelalamikia nini? Ungeambiwa, "Lakini si wewe mwenyewe uliyetaja?" Dau la gizani linakunyima hata haki ya kulalamika, kwa sababu mkono uliosukuma kidude ni wako.

Watu wa Kakuma wanaelewa hii kitu vizuri kuliko mtu yeyote. Mwaka 2025 UNHCR na WFP walianza kuzigawa familia za kambini na Kalobeyei katika makundi manne kulingana na uhitaji, pesa za msaada zilipopungua. Kundi la nne halipati chakula cha msaada. Mwezi wa saba watu waliandamana. Sikilizeni, silinganishi njaa na balkoni, anayelinganisha hayo ana wazimu. Nalinganisha swali moja tu. Marafiki zangu wa Kakuma walikuwa wanauliza: mlifikiaje kuniweka hapa? Ni swali la mtu yeyote aliyepangwa daraja na mashine ambayo haoni ndani yake. Kama tumejifunza kuuliza swali hilo pale ambapo ni maisha na kifo, kwa nini tulisahau tunapopewa starehe? Mazoea ya kutouliza huanzia kwenye vitu vitamu.

Na vijana wa hapa tayari wanaishi kwenye madau. Kuna wasee Kakuma na Lodwar wanaotafuta kazi za mtandaoni kule Upwork. Kuomba kazi unatumia Connects, ambazo zinauzwa senti 15 za dola kila moja. Ukitaka ombi lako likae juu ya orodha, unaweka dau la Connects zaidi. Huo nao ni mnada wa kupandishwa daraja, tena wa mtu anayetafuta riziki. Una ubaya wake, na siku nyingine nitauchambua. Lakini angalau hapo unaonyeshwa madau ya walio juu kabla ya kuweka lako. Unaweza kusema, "Aa, hii imezidi, napita." Kwa hiyo msiniambie teknolojia haiwezi kuonyesha. Inaweza. Mtu wa Kakuma anayeomba kazi ya dola 20 anaonyeshwa, lakini mtalii anayelipa mamia ya dola anafichwa.

Sasa hebu nijibu watetezi, maana wako na hoja na sitaki kuzikimbia.

"Hakuna anayelazimishwa." Kweli, na sijasema kuna bunduki. Lakini Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Haikusema "mteja aliyelazimishwa." Imesema mteja. Meli inaweza kuwa na bendera ya nchi ya mbali, lakini wakala anayekuuzia ukiwa Nairobi, Mombasa au Lodwar anafanya biashara chini ya Katiba hii, na chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012.

"Ukishindwa hupotezi kitu, hukatwi pesa." Hilo pia ni kweli. Ila wao hawajatoka mikono mitupu. Umewaambia, kwa maandishi na kwa kadi yako, kiasi gani ungelipa kwa dirisha. Sokoni, mnunuzi anayetaja mwisho wake kabla ya kuulizwa tunamwita nani? Sitaandika hapa, lakini mnajua.

"Bila madau kabini zingeenda tupu." Hii ndiyo hoja yao nzuri kabisa. Kabini tupu meli ikishang'oa nanga haiwezi kuuzwa tena, imeoza kama samaki wa jana. Lakini mama wa samaki Kalokol akiona jioni imefika anafanya nini? Anashusha bei na kuitangaza kwa sauti. Hakuandikii barua ya siri akuulize ungetoa ngapi. Samaki wake wanaisha, na kila mtu anajua walienda kwa bei gani. Kampuni za meli zenyewe huwa zinauza kupandishwa daraja kwa bei iliyoandikwa pia. Wanaweza. Wakiwa na kabini za kuuza dakika za mwisho, waandike bei, waishushe kila siku, na anayetaka achukue.

"Mbona fulani alipata balkoni kwa dola 50?" Hongera kwake. Aliyepata anapiga video. Aliyekataliwa hapigi video ya chumba kisicho na dirisha. Na yule aliyelipa 210 ya kabini ambayo ingetoka kwa 60 anapiga video pia, kwa sababu hajui. Kwa hiyo video zote unazoziona ni za furaha, na hata furaha nyingine ni za watu waliopigwa wakicheka. Ni mambo yale yale ya tiketi za bahati nasibu. Picha za washindi ziko ukutani, waliobaki wako nyumbani kimya.

Kuna methali tuliikariri kwa ajili ya KCSE bila kuijali: dau la mnyonge haliendi joshi. Dau hapo ni chombo, mashua ndogo, na joshi ni upande upepo unakotoka. Mashua ya mnyonge haina uwezo wa kukata upepo, inaenda inakosukumwa. Angalieni basi Kiswahili kilivyo: neno hilo hilo la mashua ndilo neno la pesa unayoweka kwenye mchezo au mnadani. Dau lako la simu linaenda wapi? Linaenda upepo unapolisukuma, na anayepuliza ni mwenye meli.

Ninachodai si kikubwa. Kampuni zinazoendesha hii biashara zionyeshe mambo manne kwenye ukurasa ule ule wenye kidude: kabini ngapi ziko wazi, madau mangapi yameingia, dau la chini lililokubaliwa safari kama hiyo iliyopita ni lipi, na jumla kamili itakayokatwa kwenye kadi, si nusu yake. Tena wote wanaokubaliwa daraja moja walipe bei moja, ile ya chini kabisa iliyoshinda. Wakifanya hivyo nitatengeneza video ya kuwasifu bure, bila elfu 15 ya mtu.

Kwa watu wa kontenti wenzangu: ukilipwa, sema umelipwa. Usimwite mtu "mjanja" kwa kununua kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kumwambia bei yake ya haki. Tunaowaongelesha ni vijana wanaojibana miaka miwili kupata safari moja.

Na kwa wewe ambaye, pamoja na kelele zangu zote, binamu yako wa Dubai amekualika na ujumbe wa dau umeingia kwenye simu, fanya hivi:

1. Zidisha dau mara mbili kabla ya kulifikiria. Hiyo ndiyo pesa itakayotoka.

2. Tafuta bei ya kawaida ya kabini unayoitaka, toa ulicholipa, uone tofauti. Dau lako pamoja na jumla yake likikaribia tofauti hiyo, acha. Ungeinunua moja kwa moja na ukachagua chumba.

3. Kama ni lazima utaje, taja la chini kabisa. Usiguse tena. Kipimo kikisema wewe ni dhaifu, kiache kiseme. Kabini zikiwa nyingi utapata tu, zikiwa chache acha waende wengine.

4. Kama hupendi kuhamishwa kutoka chumba ulichochagua, usitaje kabisa. Wakishakubali, hakuna kurudi.

5. Ukishasafiri, sema ulilipa ngapi. Namba kamili. Waulize majirani zako kwenye korido walilipa ngapi, na uandike hadharani.

Hiyo ya tano ndiyo naitaka kuliko zote. Hatuna uwezo wa kuifungua mashine yao, lakini kila mmoja wetu ana namba moja. Tukizikusanya zikawa mia, bei ya jana itarudi midomoni mwa watu kama sokoni, na kile kipimo chao hakitakuwa na mtu wa kumtisha. Kwa hiyo aliyewahi kutaja dau, melini au kwenye ndege, naomba namba: ulitaja ngapi, walikata ngapi, walikuweka wapi. Usione haya kama ilikuwa nyingi. Mtumie pia yule binamu wa Dubai asome kabla hajasukuma kidude.